Shahada ya Uzamili ya Uuguzi: Mwongozo kwa Waombaji wa Karagwe na Kyerwa

Muuguzi anayeamua kuongeza elimu hununua huduma, kama anavyonunua huduma nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba bei yake ni kubwa na bidhaa yenyewe haionekani mpaka miaka miwili ipite. Akinunua mbegu mbovu, hasara yake ni ya msimu mmoja. Akijiunga na programu isiyotambuliwa, au inayotambuliwa lakini haimfikishi alikokusudia, hupoteza ada, muda na mara nyingine nafasi yake kazini. Makala hii tumeiandika kwa ajili ya wauguzi na wakunga wa wilaya za Karagwe na Kyerwa wenye shahada ya kwanza wanaotaka kusoma shahada ya uzamili, pamoja na wazazi na wenzi wao, kwa kuwa mara nyingi hao ndio wanaochangia gharama.

Tumezichagua wilaya hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ziko mbali na vyuo vikuu vingi vya nchi yetu: kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na si rahisi kwa mwombaji kwenda kukagua chuo kwa macho yake kabla ya kulipa. Pili, ziko mpakani. Mkazi wa Murongo akivuka Mto Kagera yuko Kikagati, Uganda, na mji wa Mbarara uko karibu naye kuliko Mwanza. Kwa hiyo ana vyuo vya nchi zaidi ya moja vya kuchagua, na ana maswali ambayo mwombaji wa Morogoro hayamhusu sana.

Ngazi za elimu na mahali uzamili ulipo

Uuguzi nchini husomwa kwa ngazi. Astashahada na stashahada hutolewa na vyuo vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET. Mkoani Kagera vipo vyuo vya aina hiyo vyenye historia ndefu, kama Ndolage na Rubya wilayani Muleba na Murgwanza wilayani Ngara. Shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne na kufuatiwa na mwaka wa mafunzo tarajali hospitalini, hutolewa na vyuo vikuu. Juu yake ndipo ilipo shahada ya uzamili, ambayo kwa kawaida ni ya miaka miwili.

Mwenye stashahada hawezi kuruka moja kwa moja hadi uzamili. Atakayemwambia kwamba kuna chuo kinachoruhusu jambo hilo kwa malipo kidogo ya ziada anamdanganya. Njia yake ni kupitia shahada ya kwanza.

Vyombo viwili vinapaswa kufahamika vizuri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005, ndiyo inayotoa ithibati kwa vyuo vikuu na kwa kila programu inayofundishwa humo. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, TNMC, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ndilo linalosajili wauguzi na wakunga na kuwapa leseni. Tume hutazama chuo na masomo yake. Baraza humtazama mtu anayemhudumia mgonjwa. Mwombaji anahitaji kuridhika na pande zote mbili.

Chagua fani kabla ya kuchagua chuo

Kosa tunaloliona la kawaida zaidi ni kuanza na jina la chuo. Mwombaji husema, "Nataka kusoma Muhimbili," au, "Nataka kusoma Mwanza," kabla hajasema anataka kuwa nani atakapomaliza. Tunashauri mpangilio ugeuzwe: fani itangulie, chuo kifuate.

Uzamili wa uuguzi una matawi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kwa mfano, kimekuwa kikitoa shahada za uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, uuguzi wa afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Matawi haya hayabadilishani. Aliyesomea afya ya akili hatapangiwa kuongoza chumba cha wagonjwa mahututi kwa sababu tu ana shahada ya uzamili.

Jiulize ni mgonjwa gani unayemwona kila wiki na huna ujuzi wa kumsaidia ipasavyo. Ni mama aliyefikishwa kwa pikipiki akivuja damu baada ya kujifungua? Ni kijana aliyepata ajali barabarani? Ni mtu ambaye familia imemfungia ndani kwa sababu ya maradhi ya akili? Mkoa wetu wa Kagera ulipata mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwaka 2025 wilayani Biharamulo. Katika nyakati hizo kila mtu aliona thamani ya muuguzi anayejua kumhudumia mgonjwa mahututi bila kujiambukiza wala kuwaambukiza wengine. Jibu lako kwa swali hilo litakuongoza kuliko tangazo lolote.

Tunatoa tahadhari nyingine. Wapo wauguzi wanaojiunga na uzamili wa afya ya jamii au wa utawala wakidhani ni uzamili wa uuguzi. Hizo ni shahada halali na zenye manufaa kwa anayetaka kupanga miradi, kufanya utafiti wa jamii au kusimamia taasisi. Lakini hazimfanyi mtu kuwa muuguzi bingwa. Anayetaka kubaki wodini akiwa na ujuzi wa juu zaidi asome uzamili wa uuguzi au ukunga wenyewe.

Kagua programu, si chuo peke yake

Chuo kinaweza kuwa na ithibati, huku programu mpya kinayoitangaza ikiwa bado haijaidhinishwa. Kwa hiyo usiridhike kusikia kwamba "chuo hiki kinatambulika". Tafuta katika orodha ya TCU jina la programu kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, na ngazi yake. Usipoliona, iandikie Tume kuuliza, na usilipe chochote mpaka ujibiwe.

Baada ya hapo, ulizia mafunzo kwa vitendo. Uuguzi haufundishwi kwa vitabu tu. Muulize mratibu wa programu: wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani? Saa ngapi kwa muhula? Nani anawasimamia wodini? Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kiko Mwanza jirani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, ambayo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, Kagera ikiwamo. KCMC iko Moshi. Dodoma kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, na katika mji huohuo ipo Hospitali ya Mirembe ya afya ya akili. Ukaribu wa chuo na hospitali kubwa ni jambo jema, lakini hautoshi. Uliza kama programu unayoitaka inaitumia hospitali hiyo, na kwa kiasi gani.

Swali la tatu ni usimamizi wa utafiti. Shahada nyingi za uzamili humtaka mwanafunzi aandike tasnifu. Hapo ndipo wengi hukwama: masomo ya darasani yamekwisha, ruhusa ya kazini imekwisha, na tasnifu bado haijasomwa na msimamizi. Uliza kuna wahadhiri wangapi wenye sifa ya kusimamia fani yako, na wanafunzi wa mwaka uliotangulia walimaliza kwa muda gani. Chuo kinachojiamini hakitaona haya kukujibu. Kama unaweza, zungumza na mhitimu mmoja na mwanafunzi mmoja aliyeko masomoni. Majibu ya wawili hao yakitofautiana sana na ya ofisi ya udahili, chunguza zaidi.

Kusoma ng'ambo ya mpaka

Uganda na Rwanda zina vyuo vikuu vya umma vinavyofundisha uuguzi hadi uzamili, miongoni mwavyo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara na Chuo Kikuu cha Rwanda. Kwa mkazi wa Kyerwa, kusoma huko kunaweza kuwa uamuzi wa busara kabisa. Hata hivyo, kuna dhana inayopaswa kusahihishwa.

Mwaka 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, na kazi ya kulinganisha viwango inaratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala. Wapo waliolielewa tangazo hilo kuwa shahada ya nchi moja hutumika nchi nyingine bila hatua yoyote. Sivyo. Mtanzania aliyesoma nje bado anahitaji shahada yake itambuliwe na TCU, na bado anahitaji kukidhi masharti ya TNMC.

Kwa hiyo, kabla ya kuvuka, fanya mambo matatu. Hakikisha kwamba chuo na programu vimeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, au chombo kinacholingana nalo cha nchi unayokwenda. Omba TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, ambayo hutolewa kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje. Kisha iulize TNMC, kwa maandishi, kama sifa utakayopata itaandikishwa. Barua ya jibu ihifadhi pamoja na vyeti vyako. Itakufaa siku utakaporudi, wakati pengine ofisa uliyezungumza naye kwa simu hayupo tena ofisini.

Kumbuka pia kwamba ada iliyotajwa kwa fedha ya nchi nyingine hupanda na kushuka pamoja na bei ya kubadilisha fedha. Uliza kama wanafunzi wa Afrika Mashariki hutozwa ada ya wenyeji au ya wageni.

Piga hesabu ya gharama zote

Ada ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano, tarakimu zake ni za kufundishia, si za chuo chochote.

Chuo cha kwanza kinatoza ada ya shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Kiko katika jiji la mbali ambako pango na chakula ni shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani 4,000,000 kwa miezi kumi. Nauli ya kwenda na kurudi ni 300,000, na mwanafunzi husafiri mara tatu: 900,000. Jumla kwa mwaka ni 7,900,000.

Chuo cha pili kinatoza ada ya 3,600,000. Pango na chakula ni 280,000 kwa mwezi, yaani 2,800,000 kwa miezi kumi. Nauli ni 150,000 mara tatu: 450,000. Jumla kwa mwaka ni 6,850,000.

Kwa miaka miwili, chuo cha kwanza kitagharimu 15,800,000 na cha pili 13,700,000. Chuo chenye ada ndogo ndicho kilichozidi, tena kwa shilingi 2,100,000. Juu ya yote hayo ongeza gharama za utafiti: kibali cha maadili, safari za kukusanya takwimu, uchapishaji wa tasnifu. Chuo kikikwambia gharama hizo ni zako, ziandike katika hesabu yako tangu mwanzo.

Anayelipwa mshahara atazame pia kile kinachobaki mkononi. Mhitimu aliyesomeshwa shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kama kuna makato ya mkopo wa benki au ya chama cha akiba, nayo yahesabiwe. Chukua hati yako ya mshahara, toa makato yote, toa matumizi ya nyumbani kwa watakaobaki, ndipo uone kama salio linaweza kubeba masomo.

Tuseme neno kuhusu kahawa, kwa kuwa ndiyo benki ya kaya nyingi za wilaya hizi. Mavuno huanza kuuzwa katikati ya mwaka, na vyuo vingi hufungua masomo Oktoba au Novemba. Ratiba hizo zinaendana vizuri. Tatizo huja pale fedha zinapohitajika mapema, na familia ikashawishika kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa njia ya butura. Bei ya butura hupangwa na mwenye fedha, na hasara yake hukaa nyumbani muda mrefu kuliko masomo yenyewe. Ni afadhali kuahirisha maombi kwa mwaka mmoja, ukauza mavuno kupitia chama cha msingi, kuliko kuanza masomo ya uzamili kwa deni litakalokukatisha katikati. Uliza pia kama chuo kinapokea ada kwa awamu, na uliza Wizara ya Afya na mwajiri wako kuhusu ufadhili uliopo kabla hujafikiria mkopo.

Mwajiri wako ajue mapema

Mtumishi wa halmashauri anahitaji ruhusa ya masomo, na jina lake linapaswa kuwamo katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Kuondoka bila ruhusa ni utoro kazini, hata kama umeondoka kwenda kusoma. Mwone Afisa Utumishi kabla ya kulipa ada ya maombi, na umuulize mambo haya: Je, fani hii imo katika muundo wa utumishi wa kada yangu? Nikimaliza, cheo changu kitabadilika vipi? Mshahara utaendelea wakati wa masomo? Nitatakiwa kusaini mkataba wa kurudi kufanya kazi kwa muda gani?

Kwa wanaofanya kazi katika hospitali za mashirika ya dini, kama Nyakahanga na Isingiro, masharti hutegemea mkataba wa ajira. Usiridhike na ahadi ya mdomo. Omba barua.

Nyaraka na maombi yenyewe

Vyuo vikuu vyetu hupokea maombi ya uzamili moja kwa moja, kwa kawaida kupitia mfumo wa chuo wa mtandaoni. Andaa mapema vyeti vya kidato cha nne na cha sita au stashahada, cheti cha shahada na nukuu ya matokeo yake, cheti cha usajili na leseni hai ya TNMC, cheti cha kuzaliwa, na barua za watu wanaokufahamu kitaaluma. Vyuo vingi huhitaji wastani wa alama usiopungua 2.7 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na baadhi ya programu huhitaji pia uzoefu wa kazi. Soma sharti la programu yako, kwani linaweza kuwa juu zaidi.

Kagua majina. Katika mkoa wetu si ajabu jina la ukoo kuandikwa kwa "r" katika cheti kimoja na kwa "l" katika kingine. Herufi hiyo moja inaweza kusimamisha udahili wako. Shughulikia marekebisho kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Jaza fomu mwenyewe, au kaa pembeni ya anayekusaidia. Tumia namba yako ya simu na barua pepe yako. Anayetumia za mwenye duka la intaneti huenda asipate taarifa ya kuchaguliwa kwake. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na mfumo wa chuo, au katika akaunti ya benki yenye jina la chuo. Usilipe kamwe kwa simu ya mtu binafsi, hata akijiita mratibu. Hakuna dalali mwenye nafasi za udahili za kuuza, na barua ya udahili iliyonunuliwa inaweza kukufikisha polisi badala ya darasani.

Mambo yakiharibika

Hifadhi tangazo la programu, barua ya udahili, mchanganuo wa ada na stakabadhi zote. Chuo kikibadilisha ada katikati ya masomo, kikifuta fani uliyodahiliwa, au kikashindwa kutoa mafunzo kilichoahidi, anza kwa kukiandikia chuo na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, peleka lalamiko TCU ukiambatisha nakala hizo. Ukiombwa rushwa, toa taarifa TAKUKURU. Lalamiko lenye tarehe na karatasi husikilizwa upesi kuliko lenye uchungu peke yake.

Mwisho, tunamshauri kila mwombaji aandike katika ukurasa mmoja majibu ya maswali matano: Nitakuwa nani nikimaliza? Programu hii imeidhinishwa na nani, na uthibitisho uko wapi? Nitajifunzia wodi gani? Itagharimu kiasi gani kwa jumla, na fedha zinatoka wapi? Mwajiri wangu amesema nini kwa maandishi? Msomee ukurasa huo mtu mtakayechangia naye gharama. Swali ambalo nyote wawili hamwezi kulijibu ndilo la kulitafutia jibu wiki hii, kabla ya kulipa hata shilingi moja.